Barbados: Mkataba wa Miaka Mitano na Utumwa Usio na Mwisho

Sisi huku chuoni tupo tu, muhula unakatika, msuli kama kawaida, vimbweta vimejaa toka alfajiri na boom limeshaanza kupumulia mashine. Leo naomba tuongee historia kidogo. Najua wengine mkisikia tu neno historia mnaanza kupiga miayo, lakini nivumilieni, nitajitahidi isiwe kama desa la kukariri usiku wa mtihani.

Kuna hoja moja inazunguka sana kwenye mabishano yetu. Inakwenda hivi: "Mbona hata Wazungu walikuwa watumwa? Mbona Waairishi walipelekwa kule Karibi wakatumikishwa kwenye mashamba ya miwa? Sasa Waafrika kila siku kulialia ya nini?" Anayeitoa huwa anajiamini kweli kweli, na anayemjibu mara nyingi anaishia kupandisha sauti. Mie naona hoja hii haijibiwi kwa sauti. Ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana inasumbua. Halafu sisi tunaosomea ualimu ndio hasa tunaotakiwa kuwa na jibu. Kesho kutwa tutasimama mbele ya vijana wa sekondari, tutachora ile pembetatu ya Ulaya, Afrika na Amerika, mishale mitatu, kengele inalia, kipindi kimekwisha. Kijana akinyoosha mkono na swali kama hilo, ule mshale hautamsaidia.

Basi nimechukua kisiwa kimoja tu, Barbados, nikakifuatilia toka mwanzo. Nimekichagua kwa sababu pale Wazungu maskini na Waafrika waliteseka pamoja, shamba moja, nyapara mmoja. Ukitaka kujua tofauti yao ilikuwa nini, nenda mahali walipokuwa bega kwa bega.

Barbados ni kisiwa kidogo mno. Kina kilomita za mraba zipatazo 430, yaani kinakaribiana na Mafia yetu. Kipo mashariki kabisa ya visiwa vingine vya Karibi. Zamani kiliwahi kukaliwa na wenyeji wa Amerika, lakini Waingereza walipofika hawakukuta mtu. Walitia nanga mwezi Februari 1627, wakiwa kwenye meli iliyoitwa William and John. Walikuwa walowezi wapatao 80. Pamoja nao walikuwepo Waafrika kama kumi hivi, waliotekwa njiani kutoka kwenye meli ya Wareno. Kwa hiyo Mwafrika hakuja Barbados baadaye, alikuwepo toka siku ya kwanza. Mwaka huo huo nahodha Henry Powell alikwenda Guiana, Amerika Kusini, akarudi na Waarawak zaidi ya 30 pamoja na mbegu za mihogo, mahindi, viazi vitamu na tumbaku. Walikuja kama watu huru, kuwafundisha wageni kulima vyakula vya nchi za joto. Wakaishia kufanywa watumwa. Shika hilo kwanza, tutalirudia.

Sasa shida za walowezi. Kwa kweli zilikuwa shida, tusiwanyime haki yao. Kisiwa chote kilikuwa msitu, miti minene, na zana zenyewe ni shoka na jembe. Unaangusha mti, kisiki kinabaki, unapanda mahindi katikati ya visiki. Mito ya maana hakuna, wengi walikunywa maji ya mabwawa. Hewa yenye chumvi na unyevu ilikula chuma, visu na kufuli vinashika kutu mara moja. Halafu kulikuwa na funza. Naam, funza huyu huyu tunayemjua! Asili yake ni Amerika, kwetu Afrika alikuja kuletwa karne ya 19. Walowezi waliingiwa na funza miguuni, wakategemea wanawake wa Kiarawak kuwatoa. Miaka ya 1630 na 1631 njaa ilikuwa kali kiasi kwamba kipindi hicho kilibaki na jina la wakati wa njaa. Sababu mojawapo ni kwamba walikuwa wanapanda tumbaku ya kuuza badala ya chakula, na tumbaku yenyewe ilikuwa mbovu, ikishindwa vibaya sokoni na ile ya Virginia.

Wengi wa hao walowezi hawakuwa mabwana. Walikuwa watumishi wa mkataba. Kijana maskini wa Uingereza, Ireland au Uskoti hana nauli ya meli, basi anatia saini kwamba atamtumikia atakayelipa nauli kwa miaka kadhaa, mara nyingi mitano au saba. Akimaliza aliahidiwa kipande cha ardhi au malipo fulani. Wapo waliosaini wenyewe, wapo waliolaghaiwa, na wapo waliokamatwa tu mitaani na kutupwa melini. Baada ya vita vya Cromwell, kuanzia 1649, wafungwa wa Kiairishi na Kiskoti walisafirishwa kwa nguvu. Ilifika mahali Waingereza wakalifanya jina la Barbados kuwa kitenzi. Mtu "kubarbadoswa" maana yake kukamatwa na kusafirishwa kwenda huko bila hiari yake. Ukiona jina la mahali limegeuka kitenzi ujue mambo si mchezo.

Shahidi wetu mkubwa ni Mwingereza aitwaye Richard Ligon. Aliishi Barbados kuanzia 1647 hadi 1650, akarudi kwao, akafungwa kwa madeni, na kitabu chake kikatoka 1657. Ligon alifika wakati homa ya manjano inaangamiza watu, hata walio hai wakawa hawatoshi kuzika waliokufa. Anaeleza namna mtumishi wa mkataba alivyopokelewa. Meli ikifika, wenye mashamba wanapanda kuchagua na kununua. Ukishanunuliwa, unafika shambani unaambiwa ujijengee kibanda cha vijiti na majani, usipomaliza kabla ya giza unalala chini. Saa kumi na mbili asubuhi kengele inalia, kazi mpaka saa tano, chakula ni uji mzito wa mahindi au viazi, saa saba unarudi kazini mpaka saa kumi na mbili jioni. Mvua ikikulowesha utalala nayo. Ukilalamika nyapara anakupiga, ukibisha unaongezewa muda wa kutumika. Kabla tu Ligon hajaondoka, watumishi walipanga njama ya kuwaua mabwana na kukitwaa kisiwa. Njama ikavuja, 18 kati yao wakauawa.

Kwa hiyo anayesema Wazungu maskini waliteseka Barbados hasemi uongo. Waliteseka haswa.

Ila twende taratibu, maana hapo ndipo sukari inapoingia. Tumbaku imekataa, pamba imeleta nafuu kidogo, na mwanzoni mwa miaka ya 1640 wenye mashamba wachache, akiwemo James Drax, wakajaribu miwa. Ujuzi ulitoka Brazil, kwenye mashamba ya Pernambuco yaliyokuwa chini ya Waholanzi wakati ule. Mwanzoni walikosea sana, walikata miwa ikiwa na miezi 12 kabla haijakomaa, sukari ikatoka kama tope. Walipojua kwamba inahitaji kama miezi 15, mambo yakabadilika ghafla. Ligon anataja shamba moja la ekari 500 lililokuwa na thamani ya pauni 400 kabla ya sukari. Mwaka 1647 NUSU yake tu iliuzwa pauni 7,000. Piga hesabu mwenyewe, thamani imepanda mara 35! Na vilivyomo shambani vimeorodheshwa: Waafrika 96, wanawake watatu wa Kiarawak na watoto wao, Wakristo 28 (yaani watumishi wa mkataba), ng'ombe wa kazi 45, ng'ombe wa maziwa 8, farasi dazeni moja, punda 16. Orodha moja, watu juu, ng'ombe chini yao. Hakuna jina hata la mmoja.

Swali linalofuata ndilo tunalolijibu vibaya shuleni. Kwa nini walihama kutoka kwa watumishi wa Kizungu kwenda kwa Waafrika? Jibu la haraka ni kwamba Mwafrika alikuwa na nguvu na alistahimili jua na magonjwa. Mie jibu hilo silipendi, maana linaifanya ngozi yetu ndiyo iwe sababu ya yaliyotupata. Hebu tazama hesabu za mwenye shamba. Mtumishi wa mkataba anamaliza miaka yake mitano, anaanza kudai ardhi, na ardhi imeshapanda bei mara 35, nani atampa? Hana la kubakia. Habari zikafika Uingereza kwamba Barbados hakuna tena shamba la maskini, watu wakaanza kukwepa, wengine waliomaliza mkataba wakahamia makoloni mengine. Wakati huo huo meli za Waholanzi na baadaye za Waingereza zilikuwa tayari kuleta Waafrika wengi kadiri utakavyo, kwa mkopo. Na Mwafrika aliyeuzwa pale hakuwa na tarehe ya kumaliza. Hapo ndipo penye siri yote.

Sasa sikilizeni alichoandika Ligon, maana ndiyo silaha ya wale wenye hoja ya "hata Wazungu". Anasema kwa wakati huo watumishi wa Kizungu walitendewa vibaya KULIKO watumwa wa Kiafrika! Mtu akishakutolea hiyo kwenye mabishano unaweza ukanyamaza. Lakini usinyamaze, muulize Ligon mwenyewe alitoa sababu gani. Sababu yake ni kwamba mtumwa na uzao wake ni mali ya bwana milele, kwa hiyo bwana anamtunza, wakati mtumishi ni wake kwa miaka mitano tu. Ni kama panga la kuazima na panga lako. La kuazima unakatia hata mawe, maana keshokutwa linarudi kwa mwenyewe. Lako unalinoa na kulipaka mafuta. Je, panga lililopakwa mafuta limeheshimiwa? Ligon alidhani anaeleza upole wa mabwana. Kumbe alikuwa anaeleza utumwa wenyewe ni kitu gani. Neno zito pale ni "na uzao wake".

Na huo "utunzaji" wenyewe haukudumu. Biashara ilipokua na meli zikawa zinakuja mfululizo, wenye mashamba wengi waliona ni rahisi kununua mtu mpya kuliko kumlea mtoto mpaka akue.

Sasa turudi kwa wale Waafrika kumi wa kwanza na Waarawak wa Guiana. Miaka ile ya mwanzo hakukuwa na sheria iliyoandikwa kuhusu watakaa kwenye hali gani na mpaka lini. Mwaka 1636 gavana Henry Hawley na baraza lake wakaamua kwamba Waafrika na Wahindi Wekundu wanaoletwa kuuzwa watatumika maisha yao yote, isipokuwa kama kuna mkataba unaosema vingine. Nani aliyekuwa na mkataba? Mtu aliyetolewa tumboni mwa meli huku amefungwa pingu, mkataba aliandikiana na nani? Kwa sentensi moja Mzungu akawa na tarehe ya mwisho na Mwafrika akakosa.

Kuna kisa kingine anacho Ligon. Mwafrika mmoja aliyemwita Sambo alimwomba amsaidie awe Mkristo. Ligon akapeleka ombi kwa bwana wake. Bwana akakataa, akasema sheria za Uingereza haziruhusu kumfanya Mkristo kuwa mtumwa. Ligon akamwambia mie siombi hivyo, naomba mtumwa afanywe Mkristo. Bwana akajibu kwamba akishakuwa Mkristo hatahesabiwa tena kuwa mtumwa, na wenye mashamba wote wa kisiwa watapoteza udhibiti. Yaani walijua kabisa wanachokifanya. Walijua ni wapi mlango wa kutokea ulipo, wakaufunga.

Mwaka 1661 ndipo mambo yakaandikwa rasmi. Bunge la Barbados lilitunga sheria mbili mwaka mmoja, moja ya watumishi na nyingine ya Waafrika. Kama unataka jibu la hoja yetu, liko hapa, walilitoa wenyewe kwa mikono yao. Sheria ya watumishi ilikuwa kali, ukitoroka unaongezewa muda, lakini inamtambua mtumishi kuwa mtu mwenye haki fulani. Ana mahali pa kupeleka malalamiko, na akishtakiwa kwa kosa kubwa anahukumiwa mbele ya baraza la raia. Sheria ya Waafrika haikuwa hivyo. Mtumwa alihukumiwa na mahakimu wawili pamoja na wenye ardhi watatu, yaani mabwana wanamhukumu mali ya bwana mwenzao. Mtumwa akifa wakati anaadhibiwa na bwana wake, bwana hana kosa. Na bwana akimuua mtumwa wake kwa makusudi, kwa ukatili tu, adhabu yake ni faini ya ratili 3,000 za sukari. SUKARI, jamani. Unaua mtu kwenye shamba la miwa, unalipa kwa sukari iliyochemshwa na wenzake. Sheria hiyo haikuishia Barbados. Jamaica waliichukua mwaka 1664, na baadaye South Carolina huko Amerika Kaskazini ikaitumia kama kielelezo.

Kwa wale ambao hamjawahi kuona sukari inavyotengenezwa, naomba niieleze kidogo kazi yenyewe. Muwa si kama mahindi kwamba ukivuna unaweka ghalani unasubiri bei. Ukishakatwa unatakiwa ukamuliwe haraka, la sivyo maji yake yanachacha, na yakishakamuliwa lazima yachemshwe upesi. Kwa hiyo shamba la miwa lilikuwa shamba na kiwanda kwa pamoja, karne nzima na zaidi kabla ya viwanda vya Manchester. Watu waligawanywa makundi. Kundi la kwanza ni wenye nguvu, wanaume kwa wanawake, nao walichimba mashimo ya kupandia kwa jembe la mkono, shimo baada ya shimo, na kubeba samadi kichwani kwa vikapu. Kundi la pili ni waliodhoofika na vijana. Kundi la tatu ni watoto wadogo, waling'oa magugu na kukata majani ya mifugo. Na katika karne ya 18 wengi waliokuwa shambani Barbados walikuwa wanawake, ingawa michoro ya vitabu vyetu huwa inatuonyesha wanaume tu.

Wakati wa mavuno, kuanzia Januari hadi katikati ya mwaka, kinu kilizunguka usiku na mchana, kikivutwa na wanyama na baadaye kwa upepo. Anayelisha miwa kwenye yale magogo ya kukamulia akisinzia, vidole vinaingia, na mkono unafuata. Kwenye vinu vingi liliwekwa shoka pembeni kwa ajili ya kuukata huo mkono kabla mwili mzima haujavutwa. Fikiria, kifaa cha huduma ya kwanza ni shoka. Kwenye nyumba ya kuchemshia masufuria makubwa ya shaba yalipangwa mstari, maji ya miwa yakihamishwa kwa upawa kutoka kubwa kwenda dogo mpaka yawe mazito. Ile rojo ya moto ikimrukia mtu inaganda kwenye ngozi, haifutiki kama maji. Halafu inamiminwa kwenye vyungu vyenye tundu chini, molasi inadondoka, sukari inabaki. Molasi inafanywa ramu. Sukari inapanda meli kwenda London na Bristol kutia utamu kwenye chai.

Dini nayo haikubaki nje. Christopher Codrington alipofariki mwaka 1710 aliacha mashamba yake Barbados kwa jumuiya ya wamisionari wa Kianglikana ya London. Jumuiya ikawa mmiliki wa watumwa, na kwa miaka kadhaa watumwa wake walichomwa kifuani chapa yenye jina la jumuiya kwa chuma cha moto. Mwaka 2006 sinodi kuu ya Kanisa la Uingereza iliomba radhi kwa ushiriki wa kanisa katika utumwa, na Codrington alitajwa.

Haya, twende kwenye hesabu. Katika miaka yote ya biashara ile, Waafrika karibu 500,000 waliteremshwa Barbados. Kisiwa cha ukubwa wa Mafia! Idadi hiyo ni kubwa kuliko ya wote walioletwa moja kwa moja kutoka Afrika kwenye eneo ambalo leo ni Marekani, ambao hawakufika 400,000. Utumwa ulipofutwa mwaka 1834, watumwa waliokuwepo Barbados walikuwa kama 83,000. Ni kweli wapo waliouzwa tena visiwa vingine. Lakini hata ukiwatoa hao, jiulize: watu wakikaa kawaida miaka 200 huwa wanaongezeka, au sivyo? Wao na watoto wao na wajukuu wao, wote kwa pamoja, hawakufika hata robo ya walioletwa.

Sasa turudi kwenye hoja yetu. Mwaka 1659 Waingereza wawili waliosafirishwa Barbados kwa sababu za kisiasa, Marcellus Rivers na Oxenbridge Foyle, waliandika malalamiko kwa niaba yao na wenzao. Walisema wameuzwa, wanapigwa, wanalala kwenye mabanda mabaya kuliko ya nguruwe. Malalamiko yale yalisomwa na kujadiliwa BUNGENI London. Wabunge wakabishana kama ni halali Mwingereza huru kutendewa vile. Hapo ndipo unapoona tofauti. Mateso yao yalikuwa ya kweli, lakini kulikuwa na mlango wa kugonga, na sheria ilishatambua kwamba hali ile kwao ni makosa. Kwa Mwafrika hali ile ile ndiyo ILIKUWA sheria.

Kwetu tuna neno linaloweza kutusaidia kuwaeleza wanafunzi: manamba. Wazee wengi wa Tanganyika walipelekwa kwenye mashamba ya mkonge kwa mkataba, wakakata mkonge kwa kipande, nyapara juu ya kichwa. Waliteseka, hakuna anayebisha. Lakini kipande kilikuwa kinajaa, mkataba ulikuwa unakwisha, na mtoto wa manamba hakuzaliwa manamba. Mtumishi wa mkataba wa Barbados alikuwa jamaa wa manamba. Mtumwa alikuwa kitu kingine kabisa, maana mwanamke alijifungua mtoto na mtoto yule alishaandikwa kwenye daftari la mali kabla hajapewa jina. Na tusijifanye hatujui, pwani yetu nayo ilikuwa na mashamba ya miwa bonde la Pangani karne ya 19, na waliolima walikuwa watumwa. Historia haituachi salama hata sisi.

Wazao wa wale Wazungu maskini bado wapo Barbados, wachache, upande wa St. John. Waliitwa "miguu myekundu" kwa sababu ya jua, na vizazi vingi wamebaki maskini. Ukimwonea huruma mtu wa namna hiyo huna kosa. Kosa ni kuyachukua mateso ya babu yake ukayafanya fimbo ya kunyamazishia mateso ya mwingine. Wenye mashamba wenyewe walifanya hivyo hivyo, waliwapa Wazungu maskini ngozi ya kujivunia badala ya ardhi waliyowaahidi, wakawatia kwenye jeshi la kulinda watumwa wasiasi.

Na waliasi. Mwaka 1675 njama kubwa ya Waafrika iligunduliwa kabla ya siku yake, wengine wakachomwa moto wakiwa hai. Usiku wa Pasaka, tarehe 14 Aprili 1816, watumwa wakiongozwa na Bussa waliwasha moto mashamba ya miwa, na makumi ya mashamba yakaingia kwenye uasi. Mwanamke aitwaye Nanny Grigg, aliyejua kusoma, alikuwa akiwasomea wenzake habari za magazeti kuhusu mijadala ya London na kuwaambia kwamba uhuru hautakuja wenyewe, watu wa Haiti waliupigania. Wale tunaosomea ualimu tumkumbuke huyo mama. Uasi ulizimwa kwa siku chache na mamia waliuawa. Utumwa ulifutwa tarehe 1 Agosti 1834, ukafuatiwa na miaka minne ya "uanagenzi", yaani kazi ile ile kwa jina jipya, mpaka 1838. Serikali ya Uingereza ililipa fidia ya pauni milioni 20. Kwa nani? Kwa mabwana! Aliyefanya kazi hakupata hata senti. Na deni ambalo sehemu yake lilitokana na fidia hiyo lilimalizika kulipwa mwaka 2015. Maana yake walipa kodi wa Uingereza, wakiwemo wajukuu wa watumwa waliohamia huko, walichangia kuwalipa mabwana wa mababu zao. Barbados yenyewe ikawa jamhuri tarehe 30 Novemba 2021.

Walter Rodney, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960 na 1970, alitokea Guyana, nchi nyingine iliyojengwa kwa miwa. Nadhani ndiyo maana aliweza kuwaeleza Watanzania habari za Afrika na Ulaya kwa uchungu ule. Alikuwa ameuona ule mshale wa pembetatu kutoka upande unakochoma.

Basi mtu akikuletea hoja ya "hata Wazungu", mkubalie nusu. Mwambie ndiyo, waliteseka, tena sana. Halafu muulize maswali mawili: mateso hayo yalikwisha lini, na mtoto wake alizaliwa nani? Akijibu hayo kwa ukweli, mmemaliza ubishi.

Kuna makaburi ya watumwa sehemu inaitwa Newton, kusini mwa Barbados. Wanaakiolojia walianza kuchimba pale miaka ya 1970, na inakadiriwa wamezikwa watu karibu 570. Kwa macho ni uwanja wa majani tu, pembeni kuna miwa. Mmoja wa waliofukuliwa alikuwa na mkufu wenye kauri, zile kauri za Bahari ya Hindi, bahari yetu hii. Alikuwa mtumwa, mali ya mtu, lakini kuna waliomzika kwa heshima na kumvalisha. Daftari la bwana halikusema alikuwa mtu. Wenzake walijua.

Kwa leo naomba niishie hapo, foleni ya chakula imeshaanza na nikichelewa nitakuta ukoko. Mwenye la kuongeza au kubisha karibu sana, tubishane kwa hoja. Siku njema wote.